Kijana akiugua saratani, ndugu na marafiki wana kazi ya kufanya

Wiki ya kwanza baada ya kijana kugundulika na saratani, nyumba hujaa watu. Shangazi anafika kutoka mkoani, majirani wanaleta chakula, wanafunzi wenzake wanapita wakiwa bado na sare za shule, na simu ya baba haiachi kuita. Ikifika wiki ya sita, kwenye benchi la kliniki wamebaki mama na kijana wake, wanasubiri majibu ya damu ili wajue kama dawa itatolewa siku hiyo au la. Ikifika wiki ya ishirini, mama anakopa nauli.

Mpenzi msomaji, naanza na hali hii kwa sababu matibabu ya saratani ni safari ndefu. Saratani nyingi za tezi, zinazoitwa limfoma, hutibiwa kwa miezi kadhaa. Saratani ya mifupa, ambayo huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi huhitaji dawa, upasuaji, kisha dawa tena, kwa zaidi ya nusu mwaka. Ile saratani ya damu inayoongoza kwa watoto hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Msaada unaokwisha wiki ya pili unamwacha kijana peke yake karibu safari nzima.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 wa umri wa hadi miaka 19 huugua saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 yao hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto hawa wanapona ifikapo mwaka 2030.

Tofauti hiyo ina sababu nyingi: ugonjwa kugundulika umechelewa, uhaba wa dawa, vipimo na wataalamu. Lakini ipo sababu nyingine ambayo sisi madaktari tunaiona kila mwezi kwenye daftari la kliniki, nayo ni kuacha matibabu katikati. Kijana ameanza vizuri, dawa zinafanya kazi, kisha harudi. Hapo ndipo ndugu na marafiki wanapoweza kuokoa maisha bila kuwa na shahada yoyote ya udaktari.

Mwambieni ukweli

Wazazi wengi hunivuta pembeni na kuninong'oneza, “Daktari, naomba usimwambie, atakata tamaa.” Naelewa upendo ulio nyuma ya ombi hilo. Lakini kijana wa miaka 15 ana simu. Anasoma jina la dawa kwenye chupa ya dripu, anaona maandishi kwenye mlango wa wodi, anamsikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Mara nyingi anajua tayari. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu amegundua kuwa nyumbani neno hilo halitajwi. Anawaficha wazazi hofu yake, na wazazi wanamficha yao.

Tena kijana asiyejua anaumwa nini hana sababu ya kuvumilia dawa zinazomtapisha na kumwondoa nywele. Siku akichoka, atakataa.

Maneno machache yanatosha kuanzia: “Una ugonjwa unaoitwa saratani ya tezi. Hukuusababisha wewe, na hakuna mtu aliyekutupia. Kuna matibabu, yatachukua miezi kadhaa, na tutakuwa nawe.” Kisha nyamaza, umwache aulize. Kama unaona maneno yatakushinda, mwombe daktari au muuguzi mzungumze naye pamoja. Ni sehemu ya kazi yetu.

Akiuliza, “Nitakufa?” usimkatize kwa “Acha kusema hivyo!” Muulize kwanza ni nini kimemfanya awaze hivyo. Kisha mjibu kwa ukweli unaoujua: ugonjwa ni mkubwa, madaktari wanapambana nao, na likitokea jambo lolote jipya ataambiwa.

Gaweni kazi mapema

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeutazama kwa mbali anauona mwepesi. Ndiyo maana ndugu husema, “Mkihitaji chochote mtuambie,” wakaondoka wakiamini wamesaidia. Mama aliyekesha wodini hana nguvu ya kufikiria amwombe nani kitu gani.

Katika wiki mbili za kwanza, wakati watu bado ni wengi, kaeni kikao cha ukoo na muandike majina. Nani atamsindikiza kliniki mama akiwa na dharura? Nani atakaa na wadogo zake siku za kulazwa? Nani atatunza daftari lenye tarehe za kliniki, majina ya dawa na majibu ya vipimo? Nani atashika fedha za michango na kutoa hesabu? Mjomba anayeahidi nauli ya safari mbili kila mwezi, akaitoa, amesaidia kuliko yule aliyetoa noti nyingi siku ya kwanza na hakuonekana tena.

Kama fedha zinakwama, msiondoke kimyakimya. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini kabla ya tarehe ya dawa haijapita. Maofisa hao ndio wanaojua utaratibu wa msamaha wa gharama na mahali pa kulala kwa wanaotoka mbali. Kwa watoto, shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na Hospitali ya Taifa Muhimbili kuwatibu bila malipo. Huduma za saratani zipo pia Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Ulizeni kama baadhi ya dozi au vipimo vinaweza kufanyika karibu na nyumbani.

Jambo moja kuhusu michango. Picha ya kijana akiwa hana nywele, ana mpira puani, isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajakubali. Atakapopona na kurudi shule, picha hiyo bado itakuwa kwenye simu za watu. Muulizeni kwanza. Ujumbe wa maandishi bila picha unatosha kuomba mchango.

Homa haisubiri asubuhi

Dawa za saratani, ambazo wagonjwa wengi huziita kemo, hushambulia chembe zinazokua haraka. Pamoja na chembe za saratani, hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Kwa dawa nyingi, chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Katika siku hizo, maambukizi madogo yanaweza kuwa hatari ndani ya saa chache.

Kwa hiyo kila mtu anayekaa na kijana huyu, pamoja na binti wa kazi na kaka mdogo, ajue mambo haya:

Nunueni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au kijana akitetemeka kwa baridi, mpelekeni hospitali muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku. Msimpe panadol mkasubiri kuone kutakucha vipi, kwa sababu panadol itashusha joto na kuficha dalili huku maambukizi yakiendelea. Msimpe dawa ya kuweka njia ya haja kubwa. Mkifika mapokezi, semeni sentensi moja kwanza: “Anatumia dawa za saratani na ana homa.”

Pangeni mapema atapelekwaje. Jirani mwenye gari au dereva wa bajaji mnayemwamini awe na taarifa, namba yake iwe ukutani. Huu ni msaada mkubwa ambao rafiki wa familia anaweza kuutoa bila kuwa na fedha nyingi.

Nyingine ni za kila siku: kunawa mikono kwa sabuni kila anayeingia, maji yaliyochemshwa, chakula kilichoiva vizuri na kuliwa kikiwa cha moto, matunda yaliyooshwa na kumenywa. Mwenye mafua au kikohozi asubiri apone ndipo aje kumwona. Daladala iliyofurika si mahali pa kijana huyu katika siku hizo.

Na msimtengee sahani wala kikombe kwa kuogopa kuambukizwa. Saratani haipiti kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kulala chumba kimoja. Tahadhari iliyopo ni hii: kwa siku mbili hivi baada ya dozi, anayefua au kusafisha matapishi, mkojo na kinyesi avae glavu, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka kwa njia hizo.

Uvimbe kupotea si mwisho wa matibabu

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Baadhi ya saratani za vijana, hasa za tezi, huitikia dawa haraka sana. Uvimbe wa shingoni au wa taya uliokuwa kama ngumi unaweza kuyeyuka baada ya dozi moja au mbili. Familia inashangilia, na ina haki ya kushangilia. Kisha anasimama mtu mwenye sauti kwenye ukoo na kusema, “Mtoto amepona, kwa nini tuendelee kumtesa?”

Jicho halioni chembe za saratani zilizobaki. Dozi zilizopangwa kufuata ni za kumaliza hizo. Zikiachwa, ugonjwa unaweza kurudi, na mara nyingi ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Mwenye kauli ya kusitisha ni daktari anayemtibu, baada ya vipimo. Kama ndugu wanabishana, njooni nao kliniki, hata wakiwa watatu. Nafuu nitumie nusu saa kumweleza babu kuliko kumpoteza mjukuu wake.

Kuhusu tiba za asili, sitawakemea. Nawaomba mniambie. Baadhi ya mizizi na majani huathiri ini au figo, viungo vilevile vinavyofanya kazi ya kuchuja dawa za saratani. Maombi na dua viendelee, sambamba na dawa. Kijana Mwislamu anayetibiwa mwezi wa Ramadhani akumbuke kuwa dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kwanza.

Kwako wewe rafiki yake

Huenda unasoma hapa kwa sababu mtu wa darasani kwenu au mtaani kwenu anaumwa, na hujaenda kumwona kwa kuwa hujui utasema nini. Wengi wako hivyo. Yeye, kwa upande wake, anahesabu siku tangu ulipomtafuta.

Huhitaji hotuba. “Nimekukumbuka. Leo unajisikiaje?” inatosha. Muulize kama anataka kuzungumza, kutazama mpira au kunyamaza tu. Mpe umbea wa shule. Bishana naye kuhusu Simba na Yanga kama zamani. Kwa saa moja atakuwa kijana tena, si mgonjwa. Akisema amechoka, ondoka bila kununa, na umwambie siku utakayorudi. Kisha rudi siku hiyo.

Yapo ya kuacha mlangoni: “Mbona umekonda hivyo?” “Jirani yetu alikuwa na huohuo, akafa.” “Jikaze, wewe ni mwanamume.” Na ukimkuta hana nywele, msalimie kwanza yeye kabla ya kutazama kichwa chake. Kwa kawaida nywele huanza kuota tena miezi michache baada ya dawa kuisha.

Kuna kazi nyingine zenye uzito. Mpigie picha daftari la masomo kila wiki. Mwambie mwalimu wa darasa, kama mwenzako ameridhia, ili shule ipange mitihani kwa kufuata ratiba ya matibabu. Wazazi, ombeni barua ya hospitali kwa ajili ya shule mapema.

Na kama umefika miaka 18, una kilo 50 au zaidi na huna tatizo la kiafya, toa damu. Wagonjwa wa saratani huhitaji damu mara kwa mara, na pia chembe zinazosaidia damu kuganda, ambazo hudumu siku chache tu zikihifadhiwa. Damu yako si lazima ifanane kundi na yake, kwa kuwa utakayotoa itawafaa wengine na ya kundi lake itapatikana benki. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Marafiki kumi wakipangiana zamu, wodi nzima inapata nafuu.

Mpeni faragha yake

Umri huu una tabu yake. Kijana wa miaka 17 hataki kuogeshwa na mama yake, lakini kuna siku hawezi kuoga mwenyewe. Muulizeni anataka nani amsaidie: pengine ni kaka, pengine ni mama mdogo. Mwacheni achague vitu vidogo, kama nguo, chakula, mkono wa kuwekewa sindano na nani aingie kumwona. Saratani imemnyang'anya uamuzi wa mambo makubwa, kwa hiyo haya madogo yana thamani.

Kila kliniki, mpeni dakika chache na daktari bila mzazi chumbani. Kuna maswali hatauliza mbele ya baba, hasa ya uzazi. Baadhi ya dawa na mionzi vinaweza kuathiri uwezo wa kupata watoto, na swali hilo linafaa kuulizwa kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu njia za kuulinda uwezo huo, pale zinapopatikana, hufanyika kabla ya kuanza. Vilevile kijana asidhani dawa za saratani ni kinga ya mimba. Mimba kutungwa katikati ya matibabu ni hatari, na anayeshiriki ngono anahitaji kinga ya uhakika.

Hasira na huzuni

Kijana aliyekuwa mpole anaweza kuanza kufoka, kulia bila sababu au kula usiku wa manane. Kabla ya kumwita mkorofi, kumbukeni kuwa dawa kama prednisolone na dexamethasone, zinazotumika sana kwenye saratani za damu na za tezi, hubadilisha hali ya moyo, usingizi na hamu ya kula. Tuambieni, lakini msizisitishe wenyewe.

Huzuni ya siku moja moja ni ya kawaida. Ikidumu wiki mbili, akaacha kuongea na marafiki, akasema yeye ni mzigo au bora afe, muulize wazi: “Unawaza kujidhuru?” Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunampa nafasi ya kusema. Akikubali, msimwache peke yake, wekeni dawa zote mbali naye, na mleteni hospitali siku hiyohiyo.

Watazameni pia wadogo zake. Wanaona mama hayupo, wanaambiwa wanyamaze, na wengine huamini kaka yao ameugua kwa sababu waligombana naye. Waelezeni kwa maneno ya umri wao. Na mama mwenyewe alale. Mtu mmoja akishika zamu ya wodini usiku mmoja kila wiki, mama atarudi na akili ya kumsikiliza daktari.

Kama ugonjwa hauponi

Si kila kijana atapona, na familia inayoambiwa hivyo huhisi imesukumwa nje. Haijasukumwa. Ipo tiba shufaa, inayotuliza maumivu, kukosa pumzi na kichefuchefu, na kuwasaidia wagonjwa na ndugu zao kwa mazungumzo. Morfini ya kunywa ikitolewa kwa maelekezo ya daktari haimharakishi mgonjwa kufa. Inamwezesha kulala na kuzungumza. Msimwache na maumivu kwa kuogopa jina la dawa.

Muulizeni anataka nini. Wengine hutaka kurudi nyumbani kijijini, wengine kumwona rafiki fulani, wengine kuombwa msamaha au kuomba. Kijana anaposema maneno ya kuaga, kaeni msikilize.

Dozi ya mwisho ikiisha

Kwa wale wanaomaliza, kuna kipindi ambacho watu husahau. Sherehe imefanyika, ndugu wametawanyika, na kijana anarudi darasani na wanafunzi ambao zamani walikuwa nyuma yake. Kila akiumwa kichwa anadhani imerudi. Kliniki za ufuatiliaji zinaendelea, mwanzoni kwa miezi michache michache, baadaye kwa mwaka. Lazima zihudhuriwe hata kama anajisikia mzima kabisa, kwa kuwa baadhi ya madhara ya dawa, kama ya moyo au uzazi, hujitokeza baadaye.

Kama kuna kijana anayetibiwa saratani katika ukoo wenu, mpigie mama yake simu leo. Usimwambie akuambie akihitaji kitu. Muulize tarehe ya kliniki ijayo, kisha mwambie utakachofanya siku hiyo: kulipa nauli, kukaa na watoto, au kuketi nao kwenye benchi hadi majibu ya damu yatoke.